Darasa la elfu ishirini

Jumapili, 31 Desemba 2023

Viatu bado vimejaa mchanga wa mwalo wa Igombe. Jana tumemaliza darasa letu la pili la kupiga picha, na nadhani ndilo la mwisho.

Mwenzangu na mimi tunapiga picha za harusi hapa Mwanza. Tope la Mlima Hanang lilipoushukia mji wa Katesh Jumapili ya tarehe 3, likaua watu zaidi ya 80, kila mtu alikuwa anachanga. Sisi mifuko ilikuwa mitupu. Advansi za wateja zilishageuka kodi ya fremu. Yeye ndiye aliyesema tuuze tunachokijua. Elfu ishirini kwa kichwa, asubuhi moja mwaloni, hata mwenye simu aje, na hela yote iende Katesh.

La kwanza, tarehe 16, lilikuwa tamu. Mwezi ulikuwa bado mchanga, mitumbwi imerudi imejaa dagaa. Nikawaonyesha kasi ya shata, yaani jicho la kamera linafunguka kwa muda gani, akina mama wakimwaga ndoo: kwa 1/500 ya sekunde unamwona dagaa mmoja mmoja amesimama hewani, kwa 1/30 wote wanakuwa utepe mmoja mweupe. Tulinunua mablanketi na sabuni, tukapakia kwenye basi la Arusha linalopitia Singida, kwa sababu linakatiza Katesh penyewe. Kondakta alipojua mzigo ni wa nini akakataa hela.

Jana nikaumbuka. Tumefika alfajiri, mitumbwi yote iko nchi kavu, vichanja vitupu. Kati ya wanafunzi alikuwepo mama muuza dagaa, amelipa ili ajue kupiga picha za mzigo wake awatumie wateja kwa WhatsApp. Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mwanangu, mbalamwezi yote hii, nani akavue? Dagaa anafuata taa kwenye giza."

Nimezaliwa Kirumba mimi. Aibu iliyoje.

Basi akatufundisha yeye. Alitupeleka kwa mzee anayeshona nyavu, akamsalimia, akaketi, wakazungumza bei ya magunia weee, ndipo akatoa simu. Picha yake ni kidole gumba tu, kimepasuka kama ukuta wa udongo, uzi wa buluu umepita kwenye ufa. Mimi na lenzi yangu ya mkopo sikupata kitu kama kile. Wala sikuwa nimemsalimia mzee.

Kuna jambo sikumwambia mwenzangu. Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, kesho yake nilikuwa hapo kisiwani, Bwisya, na kamera. Nilipiga picha watu waliokuwa wakitafuta ndugu zao kwenye mstari wa maiti. Picha tatu zilinunuliwa, nikalipa pango la miezi miwili. Sikuwahi kurudi hata kuuliza wale watu wanaitwa nani. Lilipokuja wazo la Katesh nilisema ndiyo haraka mno, naye akanisifu nina moyo.

Kuelekea mwisho, kijana mmoja aliyekaa nyuma, hakuwa amesema neno asubuhi nzima, akanyoosha mkono. "Mwalimu, mtu akiwa analia, unampigaje?"

Nikasema muda umekwisha. Ilikuwa saa tatu na nusu. Tuliwaambia darasa ni mpaka saa tano.