Povu la Mama

Mama alinieleza habari ya povu jioni moja mwaka 2017, nikiwa jikoni nakamua tui. "Mwanangu, mkojo wangu siku hizi una povu kama la sabuni ya unga, halikatiki hata nikimwaga maji." Nikamwambia anywe maji mengi. Wala sikugeuka kumtazama, na ni mtu aliyeishi na sukari miaka 12.

Miezi miwili baadaye miguu ikavimba, mikanda ya viatu ikawa inamwachia mabonde kwenye ngozi. Kliniki aliyoizoea walimpima sukari na presha tu. Mkojo hawakuwahi kuuomba, jambo linaloniuma hadi leo. Nikampeleka kwingine, hapo hapo Tanga. Kijana wa maabara akachovya kijiti kwenye kichupa, na kile kipande cha njano kikageuka kijani huku natazama. "Protini plasi tatu, ni nyingi," akasema taratibu.

Majibu ya damu yalipotoka, kreatinini, ile taka ya mwili ambayo figo huichuja, ilikuwa ya kawaida. Nikashusha pumzi. Daktari akavuta kiti karibu na Mama. Kila figo, alisema, ina vichujio vidogo sana, karibu milioni moja. Vikiwa vizima, albumini, protini ya damu, haipenyi, labda chembe tu. Sukari na presha vikiviharibu, inavuja mkojoni, ndiyo lile povu, na kreatinini inaweza kukaa kimya muda mrefu huku figo zinaumia.

Mama akatikisa kichwa. "Kumbe kifumbu kimetoboka, machicha yanapita kwenye tui."

"Ndivyo, Mama."

Daktari hakutaka kuhukumu kwa kipimo kimoja, maana hata homa au kazi nzito huweza kuleta protini ya muda. Akaagiza mkojo wa kwanza wa asubuhi, upimwe albumini kwa kulinganisha na kreatinini. Ikatoka 640, ya mtu mzima wa afya haifiki 30. Wiki chache baadaye tukarudia, hali ile ile. Akamwandikia losartani, dawa ya presha inayolinda na figo, akampunguzia chumvi, na vidonge vya maumivu vya diklofenaki alivyokuwa akijinunulia kwa ajili ya magoti akavikataza kabisa, maana huweza kuumiza figo.

Baada ya miezi minne ilikuwa 210. Asubuhi ya kipimo kile Mama aliniita mlangoni mwa choo, kichupa mkononi. "Njoo utazame, lipo bado, ila sasa linakatika."

Nikaacha chai jikoni, nikaenda.