Waliniambia gia boksi hii haipimwi oili

Ilikuwa Agosti 2018, Fort Worth, Texas, na joto la kule kwa mliokaa mnalijua, saa 10 jioni lami yenyewe inanuka. Nilikuwa na Toyota Tacoma ya 2010, V6, 4x4, nimeinunua mkononi kwa mtu ikiwa na maili elfu 80 na kitu, na hiyo ndo ilikuwa ofisi yangu, navuta trela lenye mashine 2 za kukatia majani na mazagazaga yake siku 6 kwa wiki. Mke wangu alikuwa anafanya kazi usiku kwenye nyumba ya wazee, watoto 2 bado wadogo, kwaiyo ile pikapu ikilala na sisi tumelala.

Wiki ya kwanza ya mwezi ule ikaanza tabia. Asubuhi naiwasha natia D, inakaa sekunde 2 hivi kama haijanisikia alafu inaingia kwa kishindo. Barabarani nikiwa na trela, inapotoka gia ya 2 kwenda ya 3 injini inapiga kelele, mshale wa rpm unapanda, gari haliendi, alafu ghafla inadaka. Kila ikifanya vile tumbo linanikata, maana gia boksi ya otomatiki sio kitu cha kusema ntakiona mwezi ujao.

Nikaipeleka kwa dila. Yule kijana wa kaunta alikuwa na adabu zake, nisimseme vibaya, akaniandikia kuflashi oili yote kwa mashine dola 420, na akasema kama haitapona basi ni gia boksi nyingine, dola 4,600 pamoja na kazi. Nikamuuliza swali moja tu, nikamwambia kabla hamjamwaga kitu naomba mnipimie kwanza, labda oili imepungua. Akanijibu hii gari haina dipstiki, yaani kile kijiti cha kuchomoa upime oili, gia boksi imefungwa kiwandani, oili yake haipimwi.

Nilishukuru nikaondoka lakini lile neno "haipimwi" lilikaa kichwani njia nzima. Mi nimekulia Dar, marehemu baba alikuwa na Canter, na kitu kimoja alichotufundisha tangu wadogo ni kwamba chombo chochote kinachotembea na oili lazima kuna sehemu ya kuiona hiyo oili. Alafu kule nyumbani ukipeleka gari gereji, iwe Gerezani au chini ya mwembe, unasimama na fundi, unaona anafungua nini anamimina nini, na kopo unabaki nalo wewe mwenyewe. Hapa unaachia funguo, unakaa kwenye kile chumba cha kahawa na tivii, baada ya muda unaitwa kulipa. Hiki kitu mpaka leo kinanisumbua, nimeona wenzetu wengi tu wanaotafuta riziki na pikapu wanalipa mamia ya dola kwa kitu ambacho hawajakiona wala hawakuelezwa.

Usiku ule watoto walipolala nikatoa kitabu cha huduma kilichokuwa kwenye droo ya dashibodi. Aliyeniuzia alishaniambia oili ya gia boksi ya Toyota ni ya maisha, haibadilishwi. Kitabu chenyewe kinasema kama unavuta trela au unabeba mizigo mizito, badilisha kila maili 60,000. Yangu inavuta trela kila siku inayoenda kwa Mungu! Nikaendelea kusoma, siku ya pili, ya tatu, nikija kuelewa nikaona kumbe haina dipstiki kweli, lakini kupimwa inapimwa, na vizuri kabisa.

Iko hivi. Ina nati 3. Ya kwanza iko ubavuni upande wa abiria, kubwa, spana 24, imeandikwa WS juu yake, ndo jina la oili ya Toyota inayotumia, hapo ndo pa kujazia. Ya pili iko chini kwenye sampu, lile beseni la oili la chini ya gia boksi, spana 14, ya kumwagia. Ya tatu iko jirani na hiyo ya kumwagia, unaifungua kwa alenki ya 5, ile funguo ya pembe sita, na hiyo ndo dipstiki yenyewe sasa. Ndani yake kuna kijibomba kimesimama mpaka urefu ambao oili inatakiwa kufika. Gari likiwa tambarare, injini inanguruma, oili ina joto la kati ya nyuzi 46 na 56 za Selsiasi, unafungua hiyo nati. Ikichuruzika kama uzi basi iko sawa, ikimwagika kwa nguvu imezidi unaiacha itoke mpaka ibaki uzi, ikiwa kavu imepungua.

Hapo kwenye joto ndo nilipokaa muda mrefu, maana nilikumbuka jambo. Mwaka mmoja nyuma, nilipoinunua, niliipeleka gereji moja hapo mjini wakabadilisha hiyo hiyo oili kwa dola 220. Nilifika saa 9 mchana, Julai, nimetoka kukimbia hayiwei dakika 40. Dakika 25 baadaye nikaitwa kaunta, tayari. Sasa oili ikichemka inatanuka, na gia boksi iliyotoka hayiwei kwenye joto la Texas iko mbali sana juu ya nyuzi 56, na haipoi kwa dakika 25. Ukifungua nati ya kupimia kwenye hali ile itamwagika nyingi, wewe utaona imejaa mpaka inazidi utafunga, kumbe ikipoa umeiacha na upungufu. Nilikaa jikoni na kile kitabu saa 6 usiku nikasema mwaka mzima nimevuta trela na gia boksi ina kiu.

Nikaenda dukani kwa dila yule yule, upande wa spea, nikanunua chupa 4 za WS, chupa ni kama lita moja kasoro kidogo, dola 9 na senti zake, na wosha mpya za nati zote 3. Pampu ya mkono ya kunyonyea dola 10. Spana nikaazima kwa jirani, mzee mmoja wa Bukavu, watoto wake wanamwita Papa na sisi wote mtaani tukawa tunamwita Papa. Kwao aliendesha lori miaka mingi. Nilipomwelezea akacheka akasema, "Motokari ya bila kupima mafuta? Hapana ndugu yangu, iyo ni bongo. Nitakuya." Kwake bongo ni uongo, sio mjini kwetu.

Jumamosi nikaanza saa 3 asubuhi, na hilo ndo lilikuwa kosa langu. Njia ya gari ya pale kwangu inashuka kuelekea barabarani, kwaiyo tukalipaki pua imeangalia barabara, tukaweka mbao chini ya matairi ya mbele, tukaongeza ubao mmoja mmoja mpaka pima maji niliyoiweka kwenye chesisi ikatulia katikati. Magogo nyuma na mbele ya matairi, hendibreki juu. Tacoma ya 4x4 iko juu, unaingia chini bila jeki. Tulivyomaliza hayo ilishafika saa 5, jua limesimama.

Nati ya kujazia unaifungua KWANZA kabla hujamwaga hata tone, hii naomba mtu aishike, maana ukimwaga alafu ya kujazia ikagoma umebaki na gari lisilotembea. Yangu iligoma kweli. Papa akavalisha bomba la chuma kwenye mpini wa spana, tukavuta wawili, ikalia "kaa!" kama mfupa. Ndo nikafungua ya chini. Ilitoka nyeusi, nyeusi ya kahawa isiyo na maziwa, na harufu ya kitu kilichoungua, wakati WS mpya ni nyekundu. Niliikinga nikaimimina kwenye galoni nyeupe za maziwa nilizokuwa nimezichora alama kwa kalamu, nikaiacha idondoke mpaka tone la mwisho. Kwa sampu ile ilitakiwa zitoke chupa 3 na zaidi kidogo. Zilitoka 2 na robo.

Niliangalia ile alama mara 3. Nikamwita Papa naye aangalie.

Nikarudisha 2 na robo zile zile, makusudi, nataka nione kipimo chenyewe kitasemaje. Kupata joto bila mashine ya dila kuna njia, unachukua kibanio cha karatasi unakikunjua unaunganisha tundu la 4 na la 13 kwenye ile soketi ya chini ya dashibodi, unawasha, unapeleka gia N na D haraka haraka sekunde 6, taa ya D inawaka sekunde 2 kukuambia imekubali. Baada ya hapo ikizima oili bado ya baridi, ikiwaka iko sawa, ikipepesa imepita. Papa alikuwa ndani mguu kwenye breki, mi niko chini na alenki mkononi. Akapiga kelele "inapepesa!" Haikuwahi hata kuzima. Jua lilishaichemsha gari nzima, na sisi tulishaiwasha dakika kadhaa tukihangaika na kile kibanio.

Nilitamani niifungue tu hivyo hivyo. Kweli kabisa, nilikuwa nimechoka, jasho linaingia machoni, Jumatatu nina nyumba 7 za kukata. Alafu nikaona nikifungua muda huu nitakuwa nimefanya kile kile walichonifanyia. Tukazima, tukaacha gari juu ya mbao.

Jumapili saa 11 alfajiri nilikuwa nje na tochi. Mke wangu ndo anarudi kazini, akasimama na mkoba wake, "Baba, na kanisa je?" Nikamwambia saa 4 nitakuwa nimeshavaa. Papa akaja na chai kwenye chupa. Safari hii kibanio nilikiweka kabla ya kuwasha, taa ikawaka sekunde 2 ikazima, tukasubiri, Papa anapitisha gia taratibu P mpaka D anarudi, kimya, ndege tu. Baada ya dakika kama 8 akasema kwa sauti ya chini, "Imewaka."

Nikafungua ya kupimia. Kavu. Nikaingiza kidole, kavu, hata unyevu hamna. Nikarudi ubavuni nikaanza kupampu huku injini inanguruma, ekzosi iko pale pale karibu na ile nati, ikanilamba mkono juu kidogo ya kifundo, alama ninayo mpaka leo. Napampu naangalia chini, robo chupa hamna kitu, nusu hamna, robo tatu hamna, Papa anauliza "bado?" namjibu bado. Chupa nzima ilipoisha likadondoka tone moja jekundu. Lingine. Alafu ukatoka uzi mwembamba kama wa cherehani, umenyooka mpaka kwenye karai, na taa ya D bado imewaka bila kupepesa. Nikarudisha nati na wosha yake mpya nikaikaza kwa spana ya kipimo, Nm 20, hizi nati za chini hazitaki nguvu za hasira.

Chupa moja nzima ndo ilikuwa imepungua.

Tulishusha gari kwenye mbao nikatia D. Ikaingia pale pale, laini. Nikazunguka mtaa na Papa kando yangu, nikafunga trela tupu nikazunguka tena, 2 kwenda 3 hata huisikii. Dola 4,600 walizokuwa wananiambia zilikuwa chupa ya dola 9. Kanisani nilifika saa 4 na dakika 20 na kucha nyeusi, mke wangu akanishika mkono hivyo hivyo.

Ila nisimdanganye mtu, kumwaga kwenye sampu hakutoi yote, gia boksi ile inabeba zaidi ya lita 10 na nyingi inabaki kwenye konveta, ile inayounganisha injini na gia boksi, na kwenye mirija ya kupoozea. Kwaiyo nilirudia mwezi wa 9, na tena mwezi wa 10, kila mara alfajiri, mbao zile zile. Ukijumlisha zote nilitumia chupa 10, na wosha na pampu, kama dola 120. Oili chafu nilikuwa naipeleka kwenye duka la spea, wanaipokea bure. Na kwa injini wala sina ubishi, ukienda dila ukabadilisha oili ya injini sawa tu, ile ukifika nyumbani unachomoa dipstiki unajionea mwenyewe. Gia boksi isiyo na dipstiki mi siachi funguo, labda wakubali nisimame chini nione ule uzi.

Ile mara ya mwezi wa 10 oili ilitoka nyekundu iliyofifia kidogo, Papa akainyanyua galoni juani akaitazama muda mrefu bila kusema kitu, kisha akaniuliza ile alenki ni ya ngapi vile. Jumamosi iliyofuata, bado giza, nikasikia honi nje. Alikuwa kaja na pikapu yake, na nyuma kapakia mbao zake mwenyewe.