Kiuno kikikubana, usikimbilie sindano

Mtu akishikwa na kiuno wakati wa kuinua ndoo, kwanza huambiwa alale, kisha akachomwe sindano ya diclofenac, dawa ya kutuliza maumivu. Sindano hiyo ina dawa ileile iliyomo kwenye kidonge. Huwahi kidogo kutuliza, basi, na ikichomwa vibaya kwenye tako inaweza kuumiza mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni. Kulala siku nzima nako kunalegeza misuli na kuukaza mgongo. Tembea, hata kama ni dakika 5 kila baada ya saa moja. Kwa watu wengi maumivu hupungua sana ndani ya wiki 4 hadi 6.

Dawa ni ya kukuwezesha kujongea, si ya kuunganisha chochote. Ibuprofeni 400 mg baada ya kula, kila baada ya saa 8, kwa siku chache, huwatosha wengi. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au moyo, presha, au mjamzito asiitumie bila kumuuliza daktari. Parasetamoli ilijaribiwa Australia, matokeo yakachapishwa mwaka 2014: haikuharakisha kupona kuliko kidonge kisicho na dawa. Chupa ya maji moto iliyofungwa kwa kitambaa, dakika 15 hadi 20, inasaidia kulegeza misuli.

Kazi yenyewe iko kwenye mazoezi. Lala chali, kunja magoti, nyayo ziwe chini. Kaza tumbo, inua makalio hadi mabega, nyonga na magoti viwe mstari mmoja. Kaa hapo sekunde 8 hadi 10 huku ukipumua, shuka polepole. Fanya mara 6, pumzika, mara 4, pumzika, mara 2. Kosa la kawaida ni kunyanyua kupita kiasi mpaka kiuno kinajipinda. Misuli ya nyuma ya paja ikikaza ghafla, ujue visigino viko mbali. Visogeze karibu na makalio.

Ukifanya zoezi, maumivu yakitoka mguuni yakarudi kiunoni, hiyo ni dalili njema hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi. Yakianza kushuka kuelekea unyayo, acha zoezi hilo.

Mkanda wa kiuno na mashine za kuvuta mgongo hugharimu fedha nyingi bure: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 haushauri vitumike kwa maumivu sugu ya kiuno. Picha ya MRI, inayoonyesha ndani ya mgongo, pia huwatisha watu pasipo sababu. Diski (vipande laini vilivyo kati ya pingili za mgongo) zilizochakaa huonekana kwa watu wengi wenye umri wa miaka 50 wasio na maumivu yoyote, kwa hiyo jibu la picha peke yake halitoshi kumpeleka mtu kwenye upasuaji. Upasuaji una nafasi yake pale diski inapobana mshipa wa fahamu, maumivu ya mguu yakagoma kwa wiki nyingi, au mguu ukaanza kukosa nguvu.

Homa, jasho la usiku, kukonda na maumivu yasiyotulia hata ukilala vinahitaji vipimo, maana TB ya mgongo bado ipo kwetu. Ukishindwa kukojoa, ukajikojolea au kutokwa na choo bila kujua, au ukafa ganzi sehemu za siri na kati ya mapaja, nenda hospitali kubwa saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Mishipa ya fahamu inayobanwa hapo ikicheleweshwa, huenda isipone tena.