Siku moja maabara, nikifukuzia vipele vya saratani vya milimita mbili

Saa 1:00 asubuhi. Kabla ya kuweka begi chini nafungua friji. Chupa za jana zipo, zimeviringishwa karatasi ya alumini, maana indosianini ya kijani, rangi ya hospitali inayong'aa chini ya kamera maalumu, haipatani na mwanga. Ni mzee wa kazi: Marekani iliiruhusu kwa wagonjwa mwaka 1959. Sisi tunaifungia ndani ya chembe za mafuta za nanomita 100 hivi, ziipeleke hadi kwenye saratani. Unywele mmoja una unene wa nanomita kama 80,000.

Saa 2:30. Mashine inapima chembe zangu: nanomita 640. Zimeshikana! Nilitia maji ya chumvi kabla hazijavaa koti lao sawasawa. Haraka yangu mwenyewe. Kazi ya siku tatu imeingia kwenye chupa ya taka. "Pole mdogo wangu," ananiambia dada anayetunza panya, "si una zile za Jumatatu?" Ninazo. Zinasoma 104.

Saa 4:00. Kikao. Tupite.

Saa 6:00. Napitia picha za CT, eksirei za kompyuta zinazoonyesha ndani ya mwili. Saratani ya ovari, ya utumbo mpana au ya tumbo ikifika kwenye peritoneamu, utando unaofunika viungo vya tumboni, hutawanyika kama mchanga uliomwagika. Vipele vya chini ya milimita 5 mara nyingi picha haivioni, na daktari wa upasuaji anabaki na macho na vidole vyake. Akiacha kimoja, ugonjwa una pa kuanzia upya.

Saa 8:00 mchana. Taa zimezimwa. Panya aliyechomwa chembe tumboni jana, sasa ameshakufa kwa utaratibu wetu, yuko wazi chini ya kamera inayoona mwanga ambao jicho halioni. Cha kwanza kuwaka ni ini. Daima ini! Hunasa chembe ngeni kabla hazijafika tulikozituma. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2016 ulikuta kwamba, kwa kawaida, chini ya asilimia 1 ya dozi ndiyo hufika kwenye uvimbe wa saratani. Ndiyo maana tunachoma tumboni badala ya mshipani. Inasaidia, ingawa ini halikosi fungu lake.

Kwa macho tumehesabu vipele sita. Dada anainua kikunjo cha utumbo kwa koleo, taratibu, na kwenye skrini kinachomoza kidoa cheupe. Cha saba. Nawasha taa nikitazame: sioni kitu.

Saa 10:00. Leza, panya mwingine, akiwa usingizini. Chembe zilezile zikimulikwa hupata joto, na kupita nyuzi 43 seli za saratani huanza kuungua. Kwa panya inapendeza. Tumbo la binadamu ni nene, leza haifiki mbali. Sidhani itatumika pasipo kupasua.

Saa 11:30 jioni. Kidoa cha saba kiko kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia sampuli. Huenda ni saratani, huenda ni kidonda tu, kwani sehemu iliyovimba kwa kuumia tu, bila saratani, nayo hunywa rangi hii. Naandika lebo kwa penseli, wino ungefutika. Majibu ya hadubini Alhamisi.