Kesi ya kodi nimeshinda, gharama je?

Jamani nimeshinda, makadirio yote yamefutwa, ila mstari wa mwisho wa uamuzi unasema kila upande ubebe gharama zake na hapo ndo nimekwama, wiki nzima usingizi hauji. Mi nauza dagaa hapa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, na ili pingamizi lako lipokelewe sheria inataka ulipe kwanza theluthi moja ya kodi uliyokadiriwa au ile usiyoipinga, yoyote iliyo kubwa, sasa hiyo theluthi ndo ilikuwa hela yangu ya mzigo wa Ukerewe. Halafu wakili. Halafu mhasibu, maana risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, wino ulishafutika, mimi na mke wangu tulikuwa tunaziinua dirishani tunasoma tarakimu moja moja tunaandika kwenye daftari mpaka saa sita usiku.

Marekani wana kifungu cha 7430 cha sheria yao ya kodi, ukishinda na mali zako ukitoa madeni hazizidi dola milioni 2 unaweza kudai gharama, serikali ikishindwa kuonyesha kwamba msimamo wake ulikuwa na msingi wa maana. Hiyo ndo haki yenyewe, tuipate na sisi! Jumatatu narudi kwa wakili na daftari langu.