Siku tisa desktopu yangu ilikataa kuwaka, na wala haikuwa pawasaplai

Naandika hii nikiwa bado na furaha, maana jana mashine imekesha inarenda (inatengeneza faili la mwisho la) video ya sendofu ya masaa matatu na asubuhi nimeikuta imemaliza, imetulia. Ila kabla ya furaha niseme kilichonikera. Siku tisa nzima kila niliyemuuliza jibu lake lilikuwa nunua. Nunua pawasaplai (kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme), nunua ramu (kumbukumbu ya muda), nunua mazabodi nyingine (ile bodi kubwa inayobeba vifaa vyote). Hakuna hata mmoja aliyeniambia chomoa kila kitu uangalie.

Mi nahariri video za harusi na kichen pati hapa Tabata, laptop ilishachoka, nikawa nanunua vifaa kidogokidogo karibu mwaka mzima. Prosesa ya Ryzen 5 5600G, mazabodi ya ATX ile kubwa kamili, ramu mbili za GB 16, SSD ya kuhifadhia, pawasaplai ya wati 450, vyote Kariakoo kwa siku tofauti tofauti, jumla sijui kama milioni moja na laki tatu, nne hivi. Kesi, lile boksi la bati la nje, nilipewa na binamu yangu, yeye ndani alikuwa na mazabodi fupi. Hiyo kesi ikumbuke.

Jumapili mchana nikamaliza kufunga, nikabonyeza swichi. Feni ya prosesa ikazunguka kama robo ya mzunguko hivi, tik, ikasimama. Nikabonyeza tena, kimya kabisa. Nikachomoa waya ukutani, nikasubiri kama dakika, nikarudisha, ikafanya vilevile, robo, tik, kimya. Sa hivi najua ile ndo ilikuwa inanipa jibu, maana pawasaplai nzuri ikiona shoti inajifunga yenyewe isije ikaunguza vitu, na nyingi haziachii mpaka uchomoe ukutani. Siku ile sikujua, nikaona tu hela zangu zimekufa.

Kwenye grupu la WhatsApp wakasema ramu, futa yale meno ya dhahabu kwa kifutio cha penseli. Nikafuta. Haikusaidia, ila haikudhuru pia. Jumanne nikaipakia kwenye bajaji mpaka Kariakoo kwa fundi, akaiwasha mara mbili, hakufungua hata skrubu moja, akasema boss hii pawasaplai ndogo, haivuti, weka 650. Nikamwambia fundi, hii mashine haina hata grafiksi kadi ya kutoa picha, na prosesa yenyewe ni ya wati 65, 450 inashindwaje? Akasema we niamini mimi. Nikamwamini, laki moja na kitu ikaondoka, nikarudi nyumbani nikaifunga mpya. Robo, tik, kimya. Duka nalo likakataa kuirudisha kwa sababu nimeshafungua boksi.

Hapo ndo nikaanza kusoma mwenyewe usiku. Ile pawasaplai ya kwanza, ambayo nilishaitoa kwenye mashine, nikaiweka peke yake, ile plagi yake kubwa ya pini 24 nikaunganisha waya wa kijani na waya mweusi kwa klipu ya karatasi, nikawasha, feni yake ikazunguka vizuri tu. Hiyo haithibitishi kwamba ni nzima moja kwa moja kwa vile haina mzigo, lakini kufa haijafa. Kuna ambazo nyaya zote ni nyeusi, kama yako iko hivyo tafuta kwanza mchoro wa pini, usibahatishe.

Alhamisi nikampigia fundi kumwambia, akasema basi mazabodi ndo imekufa, nimekuwekea nyingine laki tatu na nusu. Nikamwambia ngoja kwanza.

Jumatatu ya wiki iliyofuata usiku, watoto wameshalala, nikahamia meza ya chakula. Nikatoa mazabodi kwenye kesi, nikailaza juu ya boksi lake la karatasi. Nikaacha prosesa na feni yake, ramu moja tu kwenye tundu la pili kutoka prosesa, na plagi mbili za umeme za ile pawasaplai ya kwanza, ile ya pini 24 na ile ya pini 8 ya juu karibu na prosesa, ambayo watu wengi wanaisahau. Na ile ya pini 8 usichanganye na ya grafiksi kadi, zinafanana ila nyaya zake zimepangwa kinyume, ikikataa kuingia usilazimishe. Monita nikaichomeka kwenye HDMI ya mazabodi, nikaweza hivyo kwa sababu 5600G ina picha yake yenyewe, ungekuwa na 5600 isiyo na G ungekaa na skrini nyeusi mpaka uweke kadi.

Mama Ibra akanishikia tochi ya simu. Joto la siku hiyo mnalijua, jasho linanidondoka puani nalikinga kwa kiganja lisiingie kwenye bodi. Swichi iko kwenye kesi, kesi iko chini, kwaiyo nikachukua bisibisi nyembamba nikagusisha zile pini mbili za swichi kwa sekunde moja. Feni ikaanza, nikasubiri ile tik. Haikuja. Feni ikaendelea, monita ikafunguka, baiosi hiyo (ukurasa wa mipangilio ya mazabodi) imejaa maandishi, prosesa inasomeka, ramu inasomeka. Mama Ibra akasema, "Baba Ibra, si inawaka hii?" Nilitaka kupiga kelele ila watoto wamelala.

Nikairudisha kwenye kesi. Robo, tik, kimya.

Nilikaa chini nikaitazama muda mrefu. Mazabodi ile ile, pawasaplai ile ile, umeme ule ule, kilichobadilika ni bati. Kwaiyo bati linagusa kitu.

Kesi ina vile vinguzo vidogo vya shaba ambavyo mazabodi inakalia ili mgongo wake usiguse bati. Kuvihesabu kwa macho kunachanganya, hapo nikapata akili ambayo najivunia kwelikweli. Nikachana karatasi ya kalenda ya mwaka jana, nikailaza mazabodi juu yake, nikachora ukingo wake, nikatoboa kwa kalamu kila tundu la skrubu, tisa. Nikaitandaza ndani ya kesi. Vinguzo tisa vikachungulia kwenye matundu, na chini ya karatasi pakabaki vinundu vitatu visivyo na tundu. Vile vilikuwa safu ya mwisho ya mazabodi fupi ya binamu. Nilipofunga ya kwangu niliongeza vitatu vya chini zaidi, hivi nikaviacha nikidhani vinasaidia kubeba.

Nikageuza mazabodi. Viwili vilikuwa vinagusa sehemu tupu, lakini cha tatu kilikuwa kimekaa juu ya ncha zilizolehemiwa nyuma ya tundu la kadi, na kwenye kichwa chake cha shaba kulikuwa na alama ya fedha inayong'aa, ndogo kama punje ya mtama. Nikavifungua vyote vitatu kwa koleo, nikafunga upya, nikabonyeza swichi ya mbele ya kesi. Ikawaka saa saba na dakika kumi usiku, na haijazima kwa hitilafu mpaka leo.

Rafiki yangu wa Kigamboni yeye aliunga mashine ya AM5, yaani kizazi kipya zaidi cha AMD chenye ramu za DDR5, skrini ikakaa nyeusi dakika kadhaa akazima akidhani imekufa, kumbe zile mara ya kwanza zinajipima ramu. Iachie muda kabla hujamwita fundi.

Yule fundi alipiga tena juzi kuulizia ile mazabodi, nikamweleza habari ya vinguzo, akasema aisee, akakata. Pawasaplai ya pili bado iko chini ya kitanda ndani ya boksi lake, wati 650, haijafanya kazi hata saa moja, mwenye kuihitaji aje Tabata tuelewane.