Shingo yangu haikuwa chafu

Miaka miwili niliisugua shingo. Dodoki, limau, manjano, hata jiwe la kusugulia miguu. Weusi ule wa nyuma, mzito kama mahameli, haukutoka. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga; shingo za wateja naziona kila siku, na najua nao wanaiona yangu.

Kliniki nilifuata presha. Daktari akainua kola yangu kabla hata hajashika mashine. Kesho yake nikapimwa sukari kabla ya kula: 6.4. HbA1c, kile kipimo cha wastani wa miezi kama mitatu, kikasoma 6.2%. Kwa kipimo hicho, kisukari huanzia 6.5%.

"Mama, kongosho lako halijalala," akaniambia. "Linabisha hodi mpaka linachoka, ila misuli haifungui."

Nikamng'ang'ania anieleze hodi yenyewe. Insulini, homoni ya kongosho, ikishika kipokezi juu ya seli, protini za ndani hupokezana ujumbe hadi vibebeo viitwavyo GLUT4, vilivyojificha ndani, vinapanda kwenye utando wa seli na kuingiza glukosi, yaani sukari. Mafuta yakijazana ndani ya misuli, ujumbe ule hukatika njiani. Kongosho nalo likiona sukari haishuki, linamwaga insulini zaidi, na ziada hiyo huchochea seli za ngozi kuzaana. Limau zangu zote zile, bure!

Kilichonishtua zaidi ni kwamba msuli unaofanya kazi huzipandisha GLUT4 wenyewe, bila kungoja insulini. Yaani mlango wa uani upo. Na mimi kunenepa nilianza mwaka ule ule nilipotia mota cherehani changu, baada ya miaka 14 ya kukanyaga.

Nikaing'oa mota. Mwanangu alinuna wiki nzima. Ugali nikaupunguza hadi ngumi moja, mchicha na dagaa vikajaza sahani. Chai bila sukari naivumilia tu. Baada ya chakula cha mchana, badala ya kujinyoosha mkekani, nakanyaga mapindo ya mapazia nusu saa. Jioni natembea hadi Raskazone.

Baada ya miezi minane nilikuwa nimepungua kilo 7, HbA1c 5.6. Kupima bado napima. Shingo imepauka, haijaisha.

Juzi binti wa jirani kaja kushonewa gauni la harusi ya dada yake. Nilipopitisha futi shingoni, weusi ule ule. Nikamuuliza anaogea nini.

"Nasugua na limau, mama."

Nikaweka futi chini, nikamvutia kiti.